Andika maneno ya mtoto kabla ya siku ya tathmini

Kwa mzazi wa Mtwara au Lindi ambaye mtoto wake wa miaka miwili amepangiwa tathmini ya ukuaji: kwa wiki mbili kabla ya siku hiyo, andika katika daftari kila neno analolitamka mwenyewe, liwe la Kiswahili, Kimakonde, Kimwera au Kiyao, pamoja na alichokuwa akikitaka alipolitamka. Mbele ya mgeni mtoto mara nyingi hunyamaza, nasi tukiulizwa idadi ya maneno yake hutaja ya Kiswahili tu, ilhali mtoto wa lugha mbili huhesabiwa maneno ya lugha zote kwa pamoja. Kwa umri huo hutarajiwa awe na takribani maneno 50 na aanze kuunganisha mawili. Neno lililopinda, kama "maii" kwa maji, liandike pia, maadamu hulitumia kwa maana ileile kila mara. Bibi aulizwe kwanza, hasa msimu wa korosho, kwa kuwa yeye ndiye anayeshinda na mtoto na husikia mengi tusiyoyasikia.

Orodha hii haisaidii ikiandikwa kwa kumbukumbu usiku wa kuamkia miadi, wala ikijazwa maneno ambayo mtoto huyarudia tu baada ya kuambiwa "sema". Haiwi pia badala ya kipimo cha usikivu, ambacho ni vyema ukiombe. Na mtoto akianza kupoteza maneno aliyokuwa nayo, usisubiri tarehe uliyopangiwa. Mpeleke mara moja.