Kukifanya kitasa cha gari la zamani kifuate ufunguo mpya

Gari la zamani lililopita mikononi mwa watu wengi humfikia mwenyewe mpya na kishada cha funguo kisicho na mpangilio: mmoja wa kuwashia, mmoja wa mlango wa dereva, mmoja wa buti, na mmoja ambao hakuna anayekumbuka unafungua nini. Hapa Unguja jambo hilo huzidi, kwa sababu shikio la mlango likishaliwa na chumvi ya bahari huwekwa jengine lililovuliwa kwenye gari lililokufa, nalo huja na kitasa chake na ufunguo wake. Maelezo haya yanahusu namna ya kukipanga upya kitasa cha mlango ili kiutii ufunguo uutakao na kuukataa wa zamani, bila ya kutafuta kitasa kipya, ambacho kwa gari kama Morris Minor, lililoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948 na kukoma mwaka 1971, si kitu cha kukiulizia dukani ukakipata siku hiyo hiyo.

Kwanza ni lazima kujua kilichomo ndani. Vitasa vingi vya milango ya magari ya miaka ya 1950 hadi 1970 ni vya vibati. Kuna bomba la nje lisilozunguka, na ndani yake kuna moyo wa mviringo wenye tundu la ufunguo. Moyo huo umekatwa nafasi nyembamba zilizopangwa kama nafasi za kitana, na katika kila nafasi hukaa kibati kimoja cha shaba ya manjano chenye dirisha katikati, ambamo ufunguo hupita, pamoja na springi ndogo inayokisukuma upande mmoja. Ufunguo usipokuwamo, vibati vyote hutokeza nje ya moyo na kuingia kwenye mfereji uliochimbwa ndani ya bomba, na moyo hauwezi kugeuka. Ukiingia ufunguo wake, kila kibati huinuliwa kwa kipimo chake hasa, vyote vikalala sawa na mwili wa moyo, na kitasa kikazunguka. Kibati kikiinuliwa kupita kiasi hutokeza upande wa pili, ambako pia kuna mfereji, na moyo hugoma vilevile. Vibati hivi vina urefu mmoja. Kinachotofautiana ni pale dirisha lilipokatwa, juu zaidi au chini zaidi, na tofauti hiyo mara nyingi huoneshwa na tarakimu ndogo iliyopigwa juu ya kibati chenyewe.

Nimelieleza hilo kwa kirefu kwa sababu bila ya kulielewa mtu hukimbilia tupa. Njia ya mkato inayopendwa ni kuutia ufunguo mpya ndani ya moyo, kuangalia vibati gani vimetokeza, kisha kuvipiga tupa mpaka vilingane. Mimi niliifanya kazi hiyo nilipopoteza ufunguo wa mlango wa dereva, na kwa nusu saa niliyotumia nilijiona fundi. Miezi kadhaa baadaye ufunguo uliopotea ukaonekana kwenye mfuko wa koti lisilovaliwa ila siku za Idi. Nikautia mlangoni kwa udadisi tu, na mlango ukafunguka kana kwamba hapakuwa na lililofanyika. Sababu yake ni nyepesi: kibati kilichopunguzwa kimekuwa kifupi, kwa hiyo kinalala ndani ya moyo kikiinuliwa kwa kipimo kipya, kinalala kikiinuliwa kwa kipimo cha zamani, na kinalala kwa kila kipimo kilichomo baina ya hivyo viwili. Tupa hukifundisha kitasa kuukubali ufunguo mpya, lakini haikifundishi kuukataa wa zamani. Kwa mtu anayetaka tu ufunguo mmoja kwa milango yote huenda si hasara kubwa, ila kwa aliyepoteza ufunguo, au aliyenunua gari na hajui nakala ngapi ziko mitaani, kazi hiyo ni sawa na kutofanya kitu.

Kwa hiyo kazi huanza kwenye ufunguo, si kwenye kitasa. Amua ni upi utakaobaki. Ukitaka ufunguo wa kuwashia ndio ufungue na milango, ujaribu kwanza kwenye tundu la mlango. Ukigoma kuingia, mifereji ya ubavuni mwake ni ya aina nyengine na hakuna mpango wa vibati utakaousaidia. Ukiingia bila ya kuzunguka, hiyo ni dalili njema. Uangalie pia uchakavu wake, maana ufunguo uliotumika miaka 50 vilele vyake vimelika na kuwa mviringo, na anayechonga nakala kutokana nao huchonga na ulaji wake. Kama namba ya ufunguo bado inasomeka, yaani herufi na tarakimu zilizopigwa kwenye kichwa chake, kama zile zinazoanza kwa FS kwenye magari mengi ya Kiingereza, mpe mchonga funguo namba hiyo pamoja na ufunguo wenyewe, kwani mwenye jedwali la namba anaweza kuchonga kwa vipimo vya kiwandani badala ya kufuata kilichochakaa. Ukienda Darajani kuchongesha, chukua moyo wa kitasa na kadi ya gari. Fundi makini hapendi kuletewa kitasa cha gari asilolijua mwenyewe. Chongesha mbili kwa pamoja, na ule wa kwanza uuweke nyumbani uwe mama wa nakala zote zitakazofuata.

Kukitoa kitasa mlangoni kunatofautiana baina ya gari na gari. Katika baadhi yao kitasa kimo ndani ya shikio la nje lenye kitufe, na shikio lenyewe hushikwa kwa skrubu au nati zinazofikiwa kwa ndani ya mlango, pengine na skrubu moja iliyofichwa kwenye ukingo wa mlango. Katika mengine kitasa kimesimama peke yake, na hushikwa kwa klipu bapa ya chuma inayochomekwa nyuma ya bati na kuchomolewa kwa koleo. Teremsha kioo kwanza, kisha vua mkono wa kupandishia kioo na mkono wa kufungulia, halafu bandua ubao wa mlango polepole ukiingiza bisibisi bapa iliyofungwa kitambaa karibu kabisa na kila kishikizo, kwani ubao wa karatasi ngumu uliokwisha kunywa maji ya masika huchanika kama andazi. Nyuma yake huenda kuna nailoni. Usiitupe; ndiyo inayozuia maji yanayoteremka kwenye kioo yasiufikie ubao, na kama imeoza, kata nyengine kwa kipimo chake. Ukiwa humo ndani, pitisha waya kwenye vitundu vya kutolea maji vilivyo chini ya mlango, maana milango mingi huozea hapo.

Moyo hushikwa ndani ya bomba kwa pini ndogo au ringi ya springi iliyoko nyuma. Kabla ya kuitoa, tia ufunguo unaokifungua kitasa hicho na uuache humo, kwa sababu moyo ukichomolewa bila ya ufunguo vibati hukwama kwenye mfereji. Kama ufunguo huna, itabidi uvibonyeze kwa waya mwembamba kupitia tundu la ufunguo huku ukiuvuta moyo kidogo kidogo, na kazi hiyo inahitaji subira ya mvuvi. Nilifanyia barazani, na nilijuta: upepo wa kusi uliinua ncha ya gazeti, springi moja ikaondoka, na hadi leo sijaiona. Kaa chumbani, mbele ya dirisha lenye mwanga, na utandike kitambaa cheupe ndani ya sinia lenye ukingo. Funika moyo kwa kidole gumba wakati wa kuutoa ufunguo, kisha kiondoe kidole polepole. Piga picha kwa simu kabla ya kugusa chochote, hasa kama ufunguo umechongwa pande zote mbili, kwani katika vitasa hivyo kibati kimoja husukumwa juu na kinachofuata husukumwa chini, na ukivigeuza hutajua kosa liko wapi.

Sasa viondoe kimoja kimoja kwa kibano, na vipange juu ya kitambaa kwa mfuatano ule ule, kuanzia mdomoni mwa kitasa kwenda ndani. Tuseme tarakimu zake zinasomeka 2, 4, 1, 3, 2, na ufunguo mpya unataka 2, 1, 4, 3, 3. Cha kwanza na cha nne vinabaki. Cha pili na cha tatu vinabadilishana nafasi. Cha tano ndicho pekee kinachohitaji kibati kigeni, namba 3 badala ya 2. Kama tarakimu hazisomeki, usibahatishe kwa macho: tia vibati vyote na springi zake, ingiza ufunguo mpya, na upitishe ukucha taratibu juu ya moyo kutoka mwanzo hadi mwisho, upande wa juu kisha wa chini. Ukucha huhisi kilichotokeza hata kama jicho halioni. Kilichotokeza upande ule ambako springi inakisukuma hakikuinuliwa vya kutosha. Kilichotokeza upande wa pili kimeinuliwa mno. Badilisha nafasi zao, pitisha ukucha tena, na uendelee hivyo mpaka moyo uwe laini kama kijiti cha chaki. Hapo tupa nyembamba inaruhusiwa, lakini kwa kuondoa ukwaru tu, mpaso mmoja au miwili, si zaidi.

Vibati vya ziada hutoka kwenye kitasa cha buti kama hukihitaji, au kwenye kitasa kibovu cha gari la aina hiyo hiyo. Fundi wa magari aliyekaa muda mrefu pale Mikunguni au Mwanakwerekwe huwa na kopo la vitasa ambavyo hakuwa na moyo wa kuvitupa, na bomba lililopasuka halizuii kutumia vibati na springi zilizomo. Ukikosa kabisa kibati cha nafasi moja, ni afadhali nafasi hiyo uiache tupu kuliko kupiga tupa vibati vitatu, ilimradi zilizobaki zimebadilika angalau katika nafasi mbili, kwani hizo ndizo zitakazoukataa ufunguo wa zamani.

Kabla ya kurudisha, safisha. Shaba haipati kutu kama chuma, lakini hufanya uchafu wa kijani unaobana vibati, na springi za chuma huliwa kimya kimya. Osha vipande vyote kwa mafuta ya taa na mswaki mkuukuu, vifute, na uvianike kivulini. Bomba na shikio la magari mengi ya zamani vimemiminwa kwa madini ya zinki, ambayo huvimba na kupasuka yakizeeka, kwa hiyo usipige nyundo wala usilazimishe pini inayogoma. Iloweshe usiku kucha. Kuhusu kulainisha, watu wa bara husifu unga wa penseli, na mahali pakavu wana haki, lakini penye hewa ya chumvi unga huo huchochea kuoza kwa zinki. Mafuta ya nazi yapikie wali. Ndani ya kitasa hushika vumbi na kuganda. Tone moja la mafuta ya cherehani, na jengine baada ya kila masika, linatosha.

Rudisha moyo ukiwa na ufunguo mpya ndani yake, funga pini au ringi, na uzungushe mara nyingi mkononi kabla ya kukipeleka mlangoni. Kikishafungwa mlangoni, jaribio la kwanza lifanywe mlango ukiwa wazi: sukuma ulimi wa komeo kwa bisibisi ukae kama vile mlango umefungwa, funga kwa ufunguo, fungua, na urudie. Mlango wa upande wa pili uwe wazi na kioo kiwe chini, kwa sababu fimbo inayounganisha kitasa na komeo ikiwa haikuingia vizuri mahali pake utakuwa umejifungia nje ya gari lako mwenyewe huku vifaa vyote vimo ndani.

Ubao usirudishwe bado. Chukua ufunguo wa zamani, ule uliokusababisha kuianza kazi hii, na uutie kwenye tundu. Unatakiwa uingie mpaka mwisho na ukatae kuzunguka kulia wala kushoto, hata ukiuchezesha na kuuvuta nje kidogo kidogo kama afanyavyo mtu mwenye nia mbaya. Ukizunguka, rudi kwenye sinia.