Kukamua mafuta ya mbono kaburi na kuendeshea mashine ya kusaga

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari ana uzio wa mibono kaburi (jatrofa), au anaishi kijiji ambacho mibono imezunguka makaburi na mazizi, na karibu yake kuna mashine ya kusaga inayokula dizeli. Kama huna mibono, tafadhali usiondoe mahindi shambani ili uipande. Miaka ya 2000 wawekezaji walichukua maelfu ya hekta, Kisarawe mkoani Pwani, Tanzania, ikiwemo, kwa ahadi kwamba mmea huu utajaza mapipa hata kwenye ardhi iliyochoka. Mbono huvumilia ukame, ila pasipo maji na rutuba mbegu zake ni chache mno. Mradi wa Kisarawe ulisimama mwaka 2011, na wanavijiji waliotoa ardhi ndio walioumia. Pa kupanda mbono ni kwenye uzio, kwa sababu ng'ombe na mbuzi hawauli.

Hatua ya 1: Kuvuna na kukausha

Chuma matunda ya njano au yaliyoanza kuwa kahawia. Ya kijani yaache mtini, mafuta yake yana asidi nyingi na asidi hula pampu ya injini. Anika, pukuchua, pepeta, kisha ondoa mawe na mbegu zenye ukungu.

Wengi wetu hupima ukavu wa mahindi kwa kung'ata punje. Mbono usiuonje kamwe. Mbegu chache tu zinatosha kumtapisha na kumharisha mtoto hadi alazwe. Pasua moja kwa jiwe: ganda likivunjika kwa mlio na kokwa ikawa nyeupe na ngumu, imekauka. Watoto wasikae karibu na turubai, na baada ya kazi nawa mikono kwa sabuni.

Hatua ya 2: Kukamua

Siku ya kukamua, tandaza mbegu juani saa chache ziwe za moto, mafuta yatoke kwa wepesi. Mashine ya mkono, ile ya mpini mrefu iliyobuniwa Arusha miaka ya 1980 na Carl Bielenberg kwa ajili ya alizeti, inaweza kazi hii. Ya injini hukamua vizuri zaidi: kilo 4 hadi 5 za mbegu hutoa lita moja. Ya mkono itakudai mbegu nyingi kuliko hizo.

Mashine iliyokamua mbono isikamue tena alizeti ya kula. Ipake alama ya rangi na umwambie kila anayeigusa.

Hatua ya 3: Kutuliza na kuchuja

Hapa ndipo injini inapopona au kufa, kwa hiyo usiwe na haraka.

Mafuta yanayotoka kwenye mashine yamejaa unga wa mbegu. Yamimine kwenye pipa lenye koki iliyofungwa kiganja kimoja juu ya kitako, ufunike, uache yatulie wiki nzima. Unga utashuka chini. Fungua koki taratibu uchukue ya juu tu, uyapitishe kwenye kitambaa kizito cha pamba, halafu kwenye chujio la dizeli la mikroni 5. Yakipita kwa shida, yaweke juani yapate joto, kisha endelea.

Sasa pima maji. Pasha kikaango kikavu, dondosha matone mawili. Yakichatachata, yana maji: yapashe moto mdogo mpaka mlio uishe. Yakitulia kimya, yajaze kwenye dumu hadi shingoni, hewa isibaki, uweke gizani. Usitumie chombo cha shaba, huyaharibu upesi.

Hatua ya 4: Kwenye injini

Injini inayofaa ni ya mwendo wa polepole, kama Lister ya silinda moja unayoikuta kwenye mashine nyingi za kusaga. Gari la kisasa lenye pampu ya kielektroniki usilijaribu.

Shida ya mafuta haya ni uzito, yaani hayatiririki kwa wepesi. Yakiwa ya baridi ni mazito takriban mara kumi kuliko dizeli, nozeli inashindwa kuyapuliza kama ukungu, na yasiyoungua hugeuka masizi na gundi kwenye ringi za pistoni. Dawa ni tangi mbili. Tangi ya dizeli na tangi ya mbono zikutane kwenye koki moja ya njia tatu kabla ya chujio.

Washa kwa dizeli. Saga dakika kumi, injini ipate moto vizuri, ndipo ugeuze koki kwenda mbono. Dakika kumi kabla ya kuzima, rudisha dizeli ili mabomba na nozeli visafishike. Mwendeshaji akizima injini ikiwa kwenye mbono, kesho haitawaka kirahisi, kwa hiyo mfundishe yeye kabla ya mwenye mashine. Kwenye baridi kama ya Mbulu, changanya na dizeli hata katika tangi ya mbono.

Badilisha oili mapema, nusu ya muda uliouzoea, na chujio la mafuta kila injini inapopungua nguvu. Moshi mweusi ukizidi, fungua nozeli uisafishe siku hiyo hiyo.

Mafuta haya usiyatie kwenye jiko la utambi. Ni mazito, hayapandi utambi mrefu. Taa yenye utambi mfupi unaoelea juu ya mafuta huwaka.

Hatua ya 5: Mashudu na machicha

Mashudu ya mbono ni sumu kwa mifugo, hata yakichemshwa. Wala usimuuzie mtu anayeweza kuyachanganya na ya alizeti. Yaozeshe yawe mbolea, au yatie kwenye mtambo wa biogesi. Machicha ya chini ya pipa yachuje, yachemshe na magadi ya sabuni (kostiki soda): utapata sabuni ngumu ya kufulia. Vaa glavu na miwani unapotia magadi, na yatangulie maji kwenye ndoo kabla ya magadi.