Mume akishikwa na moyo ghafla: ya kufanya kuanzia usiku ule mpaka mnarudi nyumbani

Assalaam aleykum ndugu zangu. Mwaka jana mume wangu alishikwa na moyo usiku, sisi tunakaa shamba huku Pemba, na tangu siku hiyo kila alofikwa na jambo kama hilo ananipigia simu, nifanye nini, spitali nichukue nini, pesa zinakwendaje. Bora niyaandike yote pahala pamoja. Mie si daktari, mambo ya dawa nnayoandika hapa ndio yale tulioelezwa na nkauliza tena na tena mpaka nkayafahamu.

Mume wangu hakuanguka. Watu wengi tunangojea mtu aanguke ndio tujue ni moyo, yeye aliamka saa nane za usiku akanambia kifua kinambana kama mtu kamkalia, fulana imerowa jasho la baridi na feni inazunguka. Akasema ni gesi kwa sababu jioni tulikula muhogo wa nazi. Kumbe tangu mchana yalishaanza kidogo kidogo, alipita duka la dawa kapewa dawa ya tumbo, kaja nyumbani kanyamaza. Kwa hivo shika hili: kifua kubana au kuwa kizito dakika kumi na zaidi bila kuachia, maumivu kupanda shingoni, kwenye taya, mgongoni au kushuka mkononi khasa wa kushoto, jasho la baridi, pumzi kukata, kutapika. Na wanawake na watu wenye sukari kifua kinaweza kisiume kabisa, ikawa ni kuchoka kusikokuwa kwa kawaida na pumzi fupi tu. Ukiona hivo nendeni usiku huohuo, ikitokea kuwa ni gesi mtarudi mkishukuru.

Usingoje kaka yake mkubwa aje kutoa rai, usimkande, usiseme kombe (maji ya kisomo) kwanza halafu ndio tutoke. Mie dua siikatai, nlimsomea njia nzima mpaka sauti ikakauka, lakini kisomo kinasomeka ndani ya gari. Mshipa ukiziba ile nyama ya moyo inakosa damu na inakufa kidogo kidogo, na ile dawa ya kuyeyusha damu ilioganda inafaa zaidi saa za mwanzo, yakipita masaa 12 tangu maumivu yaanze faida yake inakuwa ndogo sana. Asitembee mpaka barabarani, gari imfuate mlangoni, na bodaboda si ya mgonjwa wa moyo labda iwe hamna chengine kabisa. Namba ya dharura ni 112, ila sisi wa shamba uwe nayo pia namba ya jirani mwenye gari, iandike ukutani kwa kalamu nene watoto waione. Aspirini ya miligramu 300 anatafuna, hamezi nzima, ili iingie kwenye damu haraka, lakini asipewe mwenye mzio nayo wala mwenye vidonda vya tumbo vinavyotoka damu, na kama unaweza kumpigia mtu wa afya kwanza mpigie. Na akizimia hapumui, mlaze chali sakafuni, si kitandani, weka mikono miwili katikati ya kifua ubonyeze kwa nguvu kama sentimita 5 kwenda chini, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, mkipokezana mpaka msaada ufike. Mwanangu alifundishwa haya skuli, mie nlikuwa sijui.

Vya kuchukua ni vichache: kitambulisho chake, kadi ya bima kama anayo, chaji ya simu, kanga mbili, na vidonge vyote anavyokunywa, vitie kwenye mfuko na makasha yake hata kama huvijui. Na daftari na kalamu. Hilo daftari ntalirudia.

Mkifika semeni maneno haya mlangoni kabisa: "kifua kinambana, kimeanza saa fulani." Usianze na hadithi ya muhogo. Anatakiwa apimwe umeme wa moyo mapema sana, zile waya wanazombandika kifuani, lengo ni ndani ya dakika 10 tangu kufika. Sisi tulikaa kwenye benchi karibu nusu saa kwa sababu nlikuwa naona haya kumkatisha mtu maneno, usione haya. Kipimo cha kwanza kikiwa kizuri usikimbilie kuomba kurudi nyumbani, wanakirudia, na damu nayo wanaipima zaidi ya mara moja kwa sababu alama ya moyo kuumia inachukua masaa mpaka ionekane.

Sasa kuna jambo watu hawaliandiki na mie ntaliandika. Daktari alimuuliza mume wangu kama ametumia dawa za nguvu za kiume siku hizi mbili tatu, na mama mkwe kasimama pale miguuni pa kitanda. Mume wangu akatikisa kichwa, hapana. Nlimuona daktari anaandika, nkatoka nkamfuata kwenye korido nkamwambia kweli. Ile dawa ya kuweka chini ya ulimi inayofungua mishipa, ikikutana na dawa hizo ndani ya mwili presha inaweza kuporomoka mtu akafa mbele yako. Aibu ni ya kuwaonea watu wengine, kwa daktari hakuna haya. Na kama na wewe ni mume unaemuuguza mkeo basi na wewe yaseme ya kwake, kama ana ujauzito, kama anatumia vidonge vya uzazi wa mpango, kama huwa anakunywa mitishamba.

Daftari. Mie kazi yangu kubwa wodini ilikuwa hii na ndio ninayotaka uishike kuliko yote. Manesi wanabadilishana zamu, madaktari wanabadilika, mgonjwa wetu alitoka spitali moja akapelekwa nyengine akavuka maji, na mtu pekee aliekuwepo tangu saa nane za usiku ule ni mie. Kwa hivo kila kitu nkiandika na saa yake: sindano saa ngapi, presha imesoma ngapi, kaenda haja ndogo mara ngapi, kifua kimemuuma tena saa ngapi na kwa muda gani, nani kasema nini. Siku ya tatu daktari mgeni alikuja akauliza maumivu yalianza lini, mume wangu akasema asubuhi, shemegi akasema usiku, mie nkafungua ukurasa wa kwanza. Tangu hapo kila akiingia anauliza "daftari liko wapi". Nyuma ya daftari unaandika maswali, kwa sababu daktari akisimama mbele yako akili inahama yote. Swali la kwanza liwe hili: ni mshipa umeziba, ni moyo umeshindwa kusukuma damu, au ni mapigo yanakwenda ovyo? Maradhi matatu mbalimbali, sisi wote tunayaita moyo, na kila moja lina dawa zake.

Sisi ilikuwa mshipa. Kutoka Pemba wengi wanapelekwa Unguja, spitali ya Mnazi Mmoja, na wanaohitaji mambo makubwa zaidi wanavuka mpaka Dar kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, ipo palepale Muhimbili. Usimtoe mgonjwa kwa nguvu zako ukampandisha meli kwa sababu mtu kakwambia Dar ndio kwenye madaktari. Daktari ndie anaesema asafirishwe lini na kwa njia gani, boti au ndege, na nani aende nae. Usiondoke bila barua ya rufaa na karatasi ya umeme wa moyo, zipige picha zote kwenye simu, na picha hizo mtumie na mtoto wako, maana simu nayo inaweza kuingia maji. Huko walimpitishia waya mwembamba kwenye mshipa wa mkono (kwa wengine unapita kwenye paja), wakaona palipoziba wakamuwekea kibomba kidogo cha wavu kinachozuia mshipa usijifunge. Mgonjwa anakuwa macho, anaongea. Mie nlidhani watampasua kifua, nlilia bure siku nzima kwa kuwa sikuuliza.

Pesa ziingie kwa mtu mmoja na ziandikwe, nani katoa, kiasi gani, zimetumika wapi. Kwetu wanandugu walichanga, Mungu awalipe, ila pesa zikipita mikono mitatu unakuja ugomvi na wewe huna nguvu ya ugomvi. Kabla ya kulipa chochote uliza kama bima au mfuko wa afya unakigharamia, na risiti usitupe.

Wageni. Sisi tunajuana, mgonjwa kukaguliwa ni haki yake na ni thawabu, lakini mgonjwa wa moyo siku za mwanzo hakaguliwi na kijiji kizima. Siku ya pili walikuja watu kama ishirini, na bibi mmoja, wallahi kwa mapenzi tu, akaanza kusimulia jirani yake alivoanza hivihivi na siku ya saba akazikwa, na mume wangu anasikia. Mashine pale ubavuni ikaanza kulia, mapigo yamepanda. Nlimuomba wifi yangu mkubwa asimame mlangoni, yeye ndie mwenye kauli kwa ndugu zake, mie mke ningesema ningeambiwa namficha mtoto wa watu. Akatuma ujumbe kwenye kundi la familia, na wewe unaweza kuuchukua kama ulivo: "Ndugu zetu, mgonjwa anaendelea vizuri alhamdulillah. Daktari kasema apumzike, kwa leo wataingia watu wawili tu. Tunaomba dua zenu mkiwa majumbani, khabari mtazipata hapa kila baada ya magharibi." Na kweli kila magharibi akituma, watu wakatulia. Wanaotaka kuleta chakula waambie walete cha kwako wewe muuguzaji, cha mgonjwa uliza nesi kwanza.

Na wewe ule. Mie natumia vidonge vya presha na nlivisahau nyumbani siku nne, nesi mmoja kaniona nayumba akanikalisha akanipima akasema mama mkilala wote wawili nani ataandika lile daftari. Usiku mmoja wewe, usiku mmoja shemegi au mtoto mkubwa, hata kama moyo unakataa kuondoka.

Siku ya kutoka usibebe mifuko mpaka umekaa na nesi akupitishe kidonge kimoja kimoja, cha nini, saa ngapi, mpaka lini. Waliowekewa kibomba wanapewa aspirini na kidonge chengine cha kuzuia damu kuganda, mara nyingi kinaitwa klopidogreli, na mara nyingi inakuwa miezi mingi mpaka mwaka. Usikiache kwa sababu kapata nafuu, wala kwa sababu kimekwisha na duka la karibu hawana, wala anakwenda kung'oa jino bila ya kumuuliza daktari wa moyo, kile kibomba kinaweza kuziba tena. Mie nnaagizia kabla hakijabaki cha wiki mbili, maana huku kwetu boti zikisita kwa upepo hakuna pa kukimbilia.

Jikoni ndio palinitoa machozi. Chumvi kwa siku nzima isizidi gramu 5, ni kijiko kimoja cha chai kwa kila kitu alichokula, na hapo ng'onda (samaki mkavu wa chumvi) peke yake ishamaliza. Samaki mbichi wa kuchoma na ndimu, mboga, dagaa walorowekwa maji yakamwagwa, bas. Nazi sikuiacha yote, nnatia tui jepesi mara moja moja. Wiki ya kwanza alisusa sahani, nkaanza kula kilekile anachokula yeye, na watoto pia, hakuna chungu cha pili. Sigara ziondoke ndani ya nyumba, za kwake na za wageni. Ramadhani ikikaribia mwende kwa daktari kabla, si siku ya kuamkia kufunga.

Kutembea anza kidogo, mpaka kwenye mwembe na kurudi, halafu msikitini. Mambo ya chumbani nayo mtayauliza, sisi tuliambiwa akiweza kupanda ngazi za ghorofa mbili bila kifua kuuma wala pumzi kukata basi kwa kawaida hamna khofu, ila ruhusa ya mwisho ni ya kliniki. Atakuwa mkali, ataliya kwa jambo dogo, mume wangu hakuwahi kulia mbele yangu miaka yote na alilia kwa sababu hakuweza kubeba ndoo. Ikizidi wiki kadhaa, chakula hali, haongei, halali, mwambie daktari, ni sehemu ya maradhi na inatibika.

Na wewe hutolala. Mie kila usiku nlikuwa naamka kuweka mkono kifuani mwake nione kama kinapanda na kushuka, mpaka yeye mwenyewe akawa haamki tena nkimgusa, kashazoea. Kama wiki ya sita hivi nkapitiwa na usingizi moja kwa moja, yeye ndie alieniamsha, alfajiri imeshaadhiniwa na kashatia udhu.