SOMO: Kibali cha ujenzi katika mji mdogo, hatua kwa hatua (soma lote kabla ya kuuliza)

Wakuu, salaam. Kila wiki naletewa swali lile lile: "Nimepata kiwanja, kibali napataje?" Nimeshalijibu mara nyingi mno, kwa hiyo leo naliandika lote mahali pamoja. Majina ya fomu na viwango hutofautiana nchi kwa nchi, lakini safari ya faili ni moja karibu kila mahali.

1. Karatasi za kiwanja. Jina kwenye hati, kitambulisho na fomu lifanane herufi kwa herufi.

2. Matumizi ya eneo. Kiwanja cha makazi hakipewi kibali cha gereji. Kama unataka kubadilisha matumizi, hilo ni ombi jingine na linatangulia.

3. Nenda ofisini kabla hujachora chochote. Hii ndiyo neema ya mji mdogo: ofisa atakayelipitia faili lako mara nyingi yupo pale pale na anaweza kukusikiliza. Nenda na daftari, uliza mambo manne: umbali wa kuacha kutoka kila mpaka, sehemu ya kiwanja inayoruhusiwa kufunikwa na jengo, urefu wa mwisho wa jengo, na siku ambayo kikao cha kupitisha michoro hukaa. Watu wengi hulisahau hilo la nne. Penye maombi machache vikao navyo huwa vichache, na faili likifika siku moja baada ya kikao linasubiri kinachofuata.

4. Mpima ardhi akuonyeshe bikoni zote, yaani alama za upimaji zilizofukiwa kwenye kona za kiwanja. Hapa tulieni, maana ndipo nilipoumia.

Kiwanja changu kilikuwa na senyenge ya jirani upande mmoja, ya zamani, nguzo zimeshika kutu. Nikaamini ndiyo mpaka. Mchoraji akapima kutoka kwenye senyenge, akaacha mita 3 kama tulivyoelekezwa, mchoro ukapita, kibali kikatoka. Tukachimba msingi, tukafunga nondo. Siku ya ukaguzi yule mkaguzi hata nondo hakuziangalia kwanza. Aliomba jembe, akaenda upande wa senyenge, akaanza kupalua nyasi upande wangu, karibu hatua moja kabla ya nguzo. Ikatokea zege ndogo ya mraba, katikati ina kichwa cha chuma. Akapachika ncha ya futi kamba kwenye kile chuma, akavuta hadi ukingo wa mtaro: mita 2 na sentimita 30. Jirani alipojenga senyenge alikuwa ameirudisha ndani ya kiwanja chake kwa sentimita 70 ili kukwepa mizizi ya mti, na mimi nikaihesabia ile sehemu kuwa yangu. Kazi ikasimama. Nondo zikafunguliwa, mitaro ikafukiwa, mchoro ukarudiwa, faili likarudi kwenye foleni, na mvua zikatukuta hapo.

Kwa hiyo:

- Senyenge, ua wa miti na ukuta si mpaka. Mpaka ni bikoni.
- Bikoni ikipotea usikisie mahali pake, wala usiichomeke mwenyewe. Arudishe mpima ardhi mwenye leseni. Kuhamisha bikoni ni kosa la kisheria katika nchi nyingi.
- Pima kati ya bikoni na bikoni, linganisha na ramani ya upimaji. Usiishie pande nne, pima na mshazari: kiwanja cha mita 20 kwa 30 chenye pembe mraba lazima kitoe mita 36 na sentimita 6 kona hadi kona. Namba zikikataa, simamisha kila kitu umwite mpima.
- Uliza kama umbali unahesabiwa hadi ukutani au hadi ncha ya paa. Kuna sehemu varanda na ngazi za nje nazo huhesabiwa.

5. Michoro. Inayodaiwa kwa kawaida: mahali kiwanja kilipo, jengo ndani ya kiwanja (kwa skeli ya 1:200 au 1:500), ramani ya kila ghorofa (1:100 au 1:50), sura za pande zote nne, mkato (jengo kama limekatwa wima ili ndani kuonekane), msingi, paa, na njia za maji safi na maji taka. Ukijenga ghorofa, tarajia kudaiwa michoro na hesabu za mhandisi. Angalia sana uchapaji: kompyuta ikiruhusiwa kubana mchoro utoshe kwenye karatasi, vipimo vyote vinakufa. Chukua rula. Kwenye 1:100 ukuta wa mita 10 usome sentimita 10 kamili. Ukisoma 9.4, chapisha upya.

6. Fomu na ada. Lipa, dai risiti, itunze.

7. Kukabidhi faili. Pata namba ya faili na tarehe ya kupokelewa kwa maandishi.

8. Likirudishwa na hoja, usikasirike. Andika karatasi moja: hoja yao, ulichorekebisha, na ukurasa kilipo. Rekebisha zote kwa mkupuo mmoja, maana ukirudisha nusu utapangiwa foleni mara mbili.

9. Kibali kikitoka, soma masharti na tarehe ya kuisha. Nakala ikae saiti. Mwite mkaguzi kabla ya kumwaga zege la msingi, siyo baada, kwa sababu kilichofunikwa hakikaguliki. Na nyumba ikiisha, omba cheti cha kuhamia pale inapotakiwa.

MASWALI

Swali: Mkuu somo zuri. Ila kibali kinachukua siku ngapi?

Jibu: Hatua ya 3, swali la nne. Liulize ofisini kwenu.

Swali: Fundi wangu anasema tuanze taratibu, kibali kitatukuta njiani.

Jibu: Notisi ya kusimamisha ujenzi haiandikwi jina la fundi.

Swali: Lakini majirani zangu wamejenga bila kibali na wanaishi vizuri tu. Naona unatutisha.

Jibu: Simtishi mtu. Nimeeleza namna ya kupata kibali kwa sababu nimeona mtaro wangu mwenyewe ukifukiwa, tena nikiwa na kibali mkononi. Asiye nacho hana hata pa kuanzia kujitetea. Hao majirani siku wakitaka kuuza nyumba au kukopa benki wataombwa hizo karatasi. Njia ya kukwepa sitaiandika hapa.

Swali: Naomba kuelewa tu, kwa nini wanang'ang'ania umbali kutoka mpaka? Kiwanja si changu?

Jibu: Asante kwa swali hili. Sababu kubwa ni moto, kisha mwanga, hewa, na nafasi ya mtu kupita na ngazi nyumba ikiwaka. Mwaka 1666 moto ulianzia kwenye jengo la mwoka mikate mjini London, ukawaka kwa siku nne na kuteketeza nyumba zaidi ya 13,000. Nyingi zilikuwa za mbao, na ghorofa za juu zilichomoza kuelekea kichochoroni hadi karibu zigusane na za upande wa pili. Mwaka uliofuata, 1667, ikatoka sheria ya kujenga upya kwa matofali na mawe. Kwa hiyo ofisa anapouliza ncha ya paa lako iko wapi, anafikiria cheche. Ndiyo sababu pia pale wanaporuhusu ukuta ukae juu ya mpaka, kwa kawaida hukataa dirisha upande huo.

Swali: Sehemu ya kufunikwa na uwiano wa sakafu vinanichanganya. Si kitu kimoja?

Jibu: Hapana, na wengi wanakwama hapo. Chukua kiwanja cha mita za mraba 600. Unajenga ghorofa mbili zinazolingana, kila sakafu mita za mraba 150. Ardhi iliyofunikwa ni 150, yaani asilimia 25. Sakafu zote pamoja ni 300, ukigawa kwa 600 uwiano ni 0.5. Ukiongeza ghorofa ya tatu, asilimia inabaki 25 ila uwiano unapanda hadi 0.75. Unaweza kufaulu kimoja ukaanguka kingine.

Swali: Nimenunua ramani mtandaoni, niipeleke hivyo hivyo?

Jibu: Hapana. Aliyeichora hakijui kiwanja chako, mteremko wake wala udongo wake. Mpe mtaalamu mwenye leseni aifanyie kazi na kuigonga muhuri.

Swali: Mimi yangu imerudishwa kwa ajili ya ngazi. Wanasema haipandiki. Nitajuaje iliyo sahihi?

Jibu: Zidisha kimo cha kipandio mara mbili, jumlisha upana wa kukanyagia. Jibu liangukie kama sentimita 60 hadi 64. Kimo 17 na upana 28 vinatoa 62, mguu unapanda bila kufikiri. Kanuni hii inahusishwa na Blondel, msanifu wa Ufaransa wa karne ya 17. Kisha angalia viwango vya kwenu, kimo cha mwisho huwa kimetajwa. Vipandio vyote vilingane. Kimoja kikizidi hata sentimita 2, watu watajikwaa hapo hapo kila siku.

Mchango wa mwanachama: Naongezea hapo kwenye ngazi. Kwetu zege lilimwagwa sawa kabisa, tukaweka vigae sakafu ya chini kabla ya kufikiria ngazi. Kigae na saruji yake vilikula sentimita 4, kipandio cha kwanza kikabaki kifupi kuliko vingine.

Jibu: Umesaidia wengi. Mchoraji aandike kwenye mkato unene wa vigae vya chini, vya juu na vya ngazi yenyewe, na fundi aupige mstari wa sakafu iliyokamilika ukutani kabla ya kufunga mbao za ngazi.