Sinia la saruji la maji ya ndege: kulimimina, kulisimamisha na kulikinga na kunguru

Katika bustani za pwani, kuanzia Dar es Salaam hadi Mombasa, maji huvuta ndege kuliko punje. Januari na Februari, kaskazi ikishakausha kila kitu, shorewanda, tetere, kwera na kurumbiza hushukia maji hata kwenye nyumba isiyowamwagia chakula. Makombo ya ugali na mkate hualika kunguru mchana na panya usiku. Ndiyo maana humu hamna meza ya chakula.

Beseni la plastiki halifai: linateleza, kuta zake ni wima, na ndege mdogo aliyeloa hana pa kushika. Sufuria kuukuu huchemka juani. Kigae cha mfinyanzi kinafaa kabisa. Ukikipata chenye upana wa sm 40 na kina kisichozidi sm 5, ruka hatua ya 2 na ya 3.

Hatua ya 1: Mahali

Kivuli cha asubuhi au cha alasiri, mita 2 hadi 3 kutoka kichaka kizito. Ikiwa karibu zaidi, paka anaruka kutoka humo humo. Ikiwa mbali zaidi, ndege aliyelowa mabawa hafiki pa kujificha. Usiweke chini ya tawi wanapolala, kinyesi kitajaa majini. Kama kuna kioo kikubwa cha dirisha ndani ya mita 10, kitie alama upande wa nje, zisiachane kwa zaidi ya sm 5. Picha moja ya mwewe iliyobandikwa katikati haisaidii. Ndege huipita pembeni na kugonga kioo vilevile.

Hatua ya 2: Kumimina

Sinia ni la kipenyo cha sm 50, unene sm 4, kina cha sm 5 katikati kikipungua taratibu hadi ukingoni. Utahitaji makopo 3 ya saruji na makopo 9 ya mchanga (kopo la lita moja), kipande cha wavu wa kuku, karatasi ya nailoni, jani kubwa la mgimbi, mwiko na karai. Kokoto usitie.

Anza na mchanga, maana masinia mengi huharibikia hapo. Mchanga wa ufukweni una chumvi: wavu utaota kutu ndani, uvimbe, upasue saruji, na unga mweupe utakuwa unatoka kila sinia likikauka. Tumia mchanga wa mtoni uliochekechwa. Ukiwa na vumbi jingi la udongo, uoshe. Chukua gao moja, usugue ndani ya maji safi kwenye glasi, na kama maji yanabaki na rangi ya chai ya maziwa kwa muda mrefu, huo bado.

Sinia humiminwa likiwa limefudikizwa. Kivulini, tengeneza kichuguu cha mchanga mbichi: upana sm 44, kimo sm 5 katikati, mteremko mpole. Kishindilie kwa kiganja hadi kisiache alama ya kidole. Tandika nailoni, kisha jani la mgimbi, upande wa mishipa ukitazama juu. Mishipa hiyo itaacha mifereji kwenye uso wa ndani, na hapo ndipo makucha yatashika. Fundi atakushauri upige niru (uji wa saruji tupu unaolainishwa kwa mwiko) mwishoni ili ling'ae. Mkatalie. Niru ikilowa na kuota ukungu huteleza kama sabuni.

Changanya saruji na mchanga vikiwa vikavu mpaka rangi iwe moja, ndipo utie maji kidogo kidogo, lita 2 hivi kwa jumla. Mchanga ukiwa na unyevu, punguza. Kipimo ni hiki: finyanga donge mkononi, likisimama bila kuchuruzika, limefika. Kishawishi cha kuongeza maji ili mwiko uteleze ni kikubwa, na ndicho kinacholeta nyufa, kwa sababu maji ya ziada yakishatoka huacha nafasi na saruji hujikunyata. Paka tabaka la sm 2 kuanzia katikati kwenda nje, laza wavu, paka sm 2 nyingine. Wavu usionekane popote. Katikati ya mgongo sawazisha duara bapa la sm 15, pale litakapokalia nguzo. Ukingo ndio hufanywa mwembamba kwa kusahau. Upime kwa kijiti.

Sasa linywe maji. Lifunike kwa gunia lililoloweshwa na nailoni juu, usiligeuze kabla ya saa 48, na kwa siku 7 gunia lisikauke. Saruji haikakamai kwa kukauka. Inakakamaa kwa kunywa maji polepole. Lililoanikwa juani siku ya kwanza litaonekana zuri kwa wiki moja, kisha nyufa kama za tope kavu. Unapoligeuza muwe wawili, lina kilo 16 hadi 18, na ukingo bado ni laini kama biskuti. Jani likigoma kutoka, liache lioze, halafu lisugue.

Bado si la ndege. Saruji mpya hutoa chokaa inayochoma midomo na macho. Jaza maji, mwaga kila siku kwa siku 10, mbali na mizizi ya mimea. Katikati ya kipindi hicho lisugue mara moja kwa siki, kikombe kimoja kwa vinne vya maji. Ukipitisha kidole na maji yakawa na utelezi wa magadi, endelea. Rangi usipake, ya aina yoyote.

Hatua ya 3: Nguzo

Bomba la PVC la inchi 6, urefu mita 1.6, sm 50 ardhini, lijazwe zege. Paka hawezi kulipanda. Tofali zilizopangwa kwake ni ngazi. Kaza sinia kwa saruji, na hakikisha kwa kifaa cha pima maji kuwa limelala sawa.

Hatua ya 4: Maji na mbu

Kina cha sm 2.5 kinatosha wengi. Weka jiwe bapa katikati ili nyuki na wadudu wengine watoke. Badilisha maji kila baada ya siku 2, lakini kumwaga peke yake ni nusu ya kazi: mbu wa Aedes, anayeeneza dengue iliyoikumba Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, hubandika mayai ukutani, juu kidogo ya usawa wa maji, na mayai hayo huvumilia ukavu kwa miezi. Sugua ukingo kwa brashi ngumu. Sabuni hapana, kwa kuwa huondoa mafuta ya manyoya. Kila wiki 2 tumia klorini ya kufulia, sehemu 1 kwa 9 za maji, suuza, kausha juani.

Ukiona tetere mwenye koo lililovimba au anayetoa ute mdomoni, kausha sinia kwa wiki 2. Ugonjwa huo huambukizwa kwa kunywa pamoja.

Chozi, yule ndege mdogo anayefyonza maua, utamsubiri sana hapo. Yeye huoga kwenye majani yaliyolowa: nyunyizia kichaka kwa mpira asubuhi, na panda shubiri jirani.

Hatua ya 5: Kunguru

Yule mwenye shingo ya kijivu ni wa India, aliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, na hula mayai na makinda. (Mwenye kifua cheupe ni mwenyeji.) Huleta mifupa na panya waliooza kuvilowesha kwenye sinia lako. Kwanza funika taka. Akiendelea, jenga kizimba cha wavu wa kuchomelea wa matundu ya inchi 2, kimo sm 30, na ncha zote zilizokatwa zikunjwe nje. Shomoro na kwera watapenya bila shida. Tetere hapiti, mwekee kigae chake chini, uwanjani, kwenye nafasi ya kumwona paka akija.