Mgombea akisema "mimi ni wa Nyerere", muulize hivi

Nimefundisha somo la uraia hapa Morogoro kwa miaka mingi, na kila kampeni zikianza wanafunzi wangu wa zamani huniuliza wampe nani kura ya urais. Simtajii mtu jina. Nawaambia wachukue daftari.

Kwanza andika sifa anazojipa mgombea: mzalendo, mjamaa, mtetezi wa wanyonge. Mbele ya kila sifa andika jambo moja alilotenda akiwa diwani, mbunge au waziri. Ukikosa jambo, futa sifa.

Kisha njoo kwa Mwalimu, maana karibu wote humtaja. Uliza: Nyerere yupi? Yule wa Azimio la Arusha, 1967, lililomkataza kiongozi kuwa na hisa kwenye kampuni, mishahara miwili au nyumba za kupangisha? Basi mgombea ataje mali zake hadharani. Yule aliyeng'atuka urais 1985? Basi aseme wazi msimamo wake juu ya ukomo wa mihula miwili. Lakini ni Nyerere huyohuyo ambaye serikali yake ilileta sheria ya 1962 ya kuweka watu kizuizini bila kesi, na miaka ya 1970 wananchi wengi wakahamishiwa vijiji vya ujamaa kwa nguvu. Nampenda sana Mwalimu, ndiyo maana siwaruhusu vijana wayaruke haya. Anayemsifu kwa yote hajamsoma.

Ilani ya chama isome hasa kwenye maji, shule na kilimo, ukitafuta fedha zitatoka wapi.

Halafu msikilize anavyomjibu mwandishi wa habari anayembana. Yaandike maneno yake yalivyo, uyasome tena kabla hujaenda kituoni.