Kwenye duka la hisani, tanguliza mkono kabla ya macho

Nimejifunza hili juzi na tayari limenipatia sweta ya sufu tupu kwa bei ya fulana. Ukifika kwenye nguo zilizotundikwa, usianze kuchambua rangi na mitindo. Pitisha kiganja polepole juu ya mikono ya nguo, moja baada ya nyingine, na usimame pale tu kitambaa kinapokushtua. Kitani ni baridi na kina vifundo vidogo kwenye nyuzi. Hariri huanza baridi kisha hushika joto la kidole upesi. Hapo ndipo usome lebo ya ndani.

Mbinu hii inafaa kwa sababu duka la hisani huuza vitu ambavyo watu wametoa kama msaada, na mara nyingi bei hupangwa kwa aina: sweta ni sweta, iwe ya sufu au ya plastiki.

Mkono hudanganywa na viskosi, kitambaa cha kiwandani kinachoteleza kama hariri kabisa, kwa hiyo lebo ikiwa imekatwa mimi huiacha nguo. Sufu iinue kwenye mwanga, hasa kwapani na kwenye kola: matundu ya nondo huonekana kama vinukta vyeupe. Sufu iliyofuliwa kwa maji moto ikasinyaa na kuganda hairudi tena.